Mama Hataki Kuja Mwezi wa Tatu

Wenzangu ofisini waliohamia Dodoma kutoka Pwani wana swali moja wasilochoka kuniuliza: ndugu zao waje lini kutembea? Huwa sifikirii mara mbili. Nawaambia waje mwezi wa tatu. Mwezi wa sita baridi na upepo vinakata masikio, wa nane vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi, wa kumi jua linakukaanga tangu saa tatu asubuhi, na Bunge likikaa, chumba cha kulala wageni utakitafuta hadi Nkuhungu. Mwezi wa tatu mvua imeshauosha mji. Vilima ni kijani, zabibu zinauzwa kwa ndoo kandokando ya barabara, na ukianika shuka jeupe unalianua likiwa bado jeupe. Wenzangu wanasikia, wanawaleta ndugu zao, na wakiondoka wananishukuru.

Mama yangu mzazi ndiye pekee aliyekataa.

Mama anaishi Busi, kule Kondoa, pamoja na kaka yangu na mke wake. Mimi nimejenga Miyuji, nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza inayotazama kilima. Alikuwa hajawahi kuiona. Ningevumilia, lakini daktari alikwisha kutuambia kwamba mama ana presha ya macho, kwamba dawa ya matone inachelewesha tu, na kwamba kinachoondoka hakirudi. Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja kichwani. Mama aje kwangu angali anaona. Sikutaka aje siku moja apapase ukuta na kuambiwa kwamba hii ndiyo nyumba ya mwanao.

Kiangazi, baada ya mavuno, yeye mwenyewe alikuwa tayari kuja. Ila kifua chake na vumbi havipatani. Tulijaribu mara moja, tukafika Kondoa mjini akiwa anakohoa hadi anashika mbavu, tukageuza. Ukabaki mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu mama alikuwa na visingizio kama duka la jumla. Mwaka mmoja kuku walikuwa wanaatamia. Nikamwomba wifi yangu awaangalie. Mwaka uliofuata mlango wa chumba chake haukuwa na komeo. Nikanunua komeo, nikatuma na fundi. Halafu ikawa goti. Halafu ikawa kuna harusi, na nilipouliza ya nani, akasema bado hawajasema.

Nilichoka. Nasema kweli, kuna siku nilikata simu nikaitupa kitandani. Watu wanalilia mama zao wawatembelee, wangu ninambembeleza mwaka hadi mwaka, na kila mwaka macho yanazidi kufifia. Wifi alishanieleza kwamba siku hizi mama anamimina chai pembeni ya kikombe, halafu anakilaumu kikombe.

Mwaka jana nikaenda mwenyewe na gari langu, nimekwisha kuomba likizo. Nilimkuta uani anachambua mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona bila taarifa?"

"Nimekuja kukuchukua. Kesho tunaondoka."

Akaendelea kuchambua. Akaanza na goti, nikamkatiza. Akagusia kuku, nikamwambia kuku watajiju. Nilipandisha sauti, ingawa sikulelewa hivyo, na wifi akatoka jikoni kuangalia kulikoni. Mama akaweka ungo chini.

"Wewe umesoma, lakini hujui miezi," akasema. "Mwezi huu mtu anatokaje kwake na kikapu? Unataka waseme nakwenda kuhemea?"

Kuhemea nilikujua, kila aliyezaliwa kwetu anakujua. Mahindi yakiwa bado mabichi shambani na ghala limebaki vumbi, mtu hubeba kikapu kitupu akaenda kwa jamaa wa mbali kutafuta chakula. Haikuwa dhambi, lakini wanaokuona ukipita wanajua. Mama aliwahi kupitishwa hivyo akiwa mtoto, ameshikilia kanga ya bibi, na watu wa njiani wakawasalimia kwa sauti ya chini. Alinisimulia siku hiyo kwa mara ya kwanza, kwa maneno machache, kisha akarudia mboga zake.

"Mama, hiyo ilikuwa zamani. Nani anahemea siku hizi? Duka liko pale!"

"Duka liko pale, na macho ya watu yako palepale."

Nilitaka kulia kwa hasira. Miaka yote ile ya kuku na makomeo, kumbe tatizo lilikuwa kikapu! Nikamuuliza, je, akitoka amebeba chakula? Akasema huyo atakuwa anapeleka, siyo anayefuata, na hiyo ni heshima. Ila ghala lao lilikuwa limebaki na mbegu, na mbegu haiguswi.

Nikarudi Dodoma peke yangu, nikanung'unika njia nzima. Sokoni nikataka kuchukua unga wa mifuko, nikajizuia. Mama angeukataa, kwa kuwa kila mtu angejua umetoka dukani. Nikatafuta uwele, gunia zima, nikalipakia kwenye gari na kulirudisha kijijini, uwele uliolimwa huenda na jirani zetu haohao. Nilifika saa ambazo kila mtu yuko shambani anapalilia, tukalikokota ndani mimi na wifi, tumebana vicheko, ingawa mimi changu kilikuwa na uchungu ndani yake.

Kesho yake mama alitoka amevaa mtandio mpya. Akaamuru gunia likae kiti cha mbele na yeye akae nyuma. Akaamuru vioo vishushwe. Nilipotaka kushika njia ya mkato akasema hapana, tupite mashineni, wanakosaga nafaka. Na mashineni asubuhi kina mama wamejaa.

"Mama, safari ya wapi?" wakamuuliza.

"Nampelekea huyu uwele," akajibu, akiliegemea gunia kwa nyuma. "Mjini kwao hawana kitu."

Wote wakanitazama. Mimi mwenye mshahara, mwenye gari, mwenye nyumba ya vyumba vitatu! Mmoja akatikisa kichwa, akasema pole mwanangu, mji ni mgumu. Mwingine akakimbia kwake akarudi na maboga mawili, akayapitisha dirishani na kuniwekea mapajani. Nilitamani kusema ukweli wote palepale, na gunia nilimwage barabarani. Nikasema asante, Mungu akubariki. Kwenye kioo nilimwona mama amekaa wima kama bibi harusi.

Njia nzima hakukohoa hata mara moja.

Tulifika Miyuji mchana, baada ya mvua, hewa imetulia, kila kitu kinang'aa kwa maji. Niliweka mikeka barazani. Sikumruhusu hata aingie ndani kwanza. Nilimkalisha, nikamgeuza bega, nikanyoosha mkono.

"Haya mama. Kilima changu ndicho hicho."

Alitazama kwa muda mrefu. Mimi nilitazama kilima, kijani kuanzia chini mpaka juu, na ukungu mwepesi kileleni. Miaka mingapi nilikuwa nimeusubiri mwezi huu.

"Nakiona," akasema. "Kijani kweli. Lakini kiko karibu hivyo, mvua kubwa hakiwaletei mawe?"

Nikageuka kumwangalia. Macho yake hayakuwa yameinuka. Yalikuwa kwenye geti la jirani yangu ng'ambo ya barabara, geti la bati pana lililopakwa rangi ya kijani, linalowaka juani.

Nilikuwa na hasira na ghala, na kikapu, na bibi, na kina mama wa mashineni, na makomeo yote niliyonunua.

"Hakileti mawe, mama," nikamwambia. "Kimetulia."

Alikaa wiki moja. Aliporudi Busi alihakikisha gunia tupu limekunjwa na kushikwa mkononi, wote waone kwamba uwele ulifika. Wifi anasema anawasimulia watu mpaka leo: nyumba ya mwanawe ina kilima mlangoni, kijani, hata mchana kinang'aa. Na mwaka huu, bila kubembelezwa, amesema ndiyo. Nitafute uwele tu mapema, atakuja mwezi wa tatu akakitazame tena.

Juzi nilimkuta jirani barabarani na kopo la rangi ya kahawia na brashi mpya. Nikamwomba, nikamwomba sana, asipake, au kama lazima apake, basi apake kijani kilekile. Akanishangaa, akaniuliza geti lake linanihusu nini.

Nikamwambia nalipenda lilivyo.