Pikipiki Iliyotibiwa Bila Kuumwa

Kaka yangu hana cheti cha ufundi, ana sikio. Kwa miaka thelathini na moja ametengeneza pikipiki ndogo, zile za kubebea abiria na mizigo, na namna yake ya kazi ni moja tu: anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, kisha anafumba macho. Akifumbua anakwambia kilichochakaa. Watu wakambandika jina la Sikio, hata marehemu mama yetu akawa anamwita hivyohivyo. Mimi nina duka la vipuri mlango wa pili, kati yetu ni ukuta tu, kwa hiyo najua anapopatia na anapokosea. Anapatia sana. Ubaya wake ni kwamba anajua hivyo.

Jumatatu moja ililetwa pikipiki juu ya pikapu. Nasema pikipiki kwa kukosa neno. Ilikuwa ya CC 1500, nyeusi, ndefu kama kochi la sebuleni, kiti chake kiko chini, usukani umekuja nyuma kumfuata dereva alipo. Wanaume watatu waliishusha kwa mbao. Mmoja aliweka mguu pasipostahili, akawatukana walioiunda na kizazi chao chote.

Mwenyewe alikuwa mama mmoja, muuguzi mstaafu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutii na kutiiwa.

"Fundi, hii ilikuwa ya marehemu mume wangu," alisema. "Mwaka wa pili huu haijawashwa. Nataka ingurume kama ilivyokuwa inanguruma kwake. Ikishindikana, Ijumaa shemeji yangu anakuja kuichukua."

"Akaifanyie nini?" nikauliza, maana mdomo wangu hauna breki.

"Aifungue vipande vipande, kila mtu achukue anachotaka. Anasema sina sababu ya kukaa na chuma kilichokufa. Na mimi nimechoka kuifuta vumbi."

Kaka akajipiga kifua. "Mama, Ijumaa utaikuta inaimba." Nilitamani kumziba mdomo.

Jumanne alimwaga petroli ya zamani, iliyokwisha kuwa nzito na yenye harufu ya vanishi. Akaosha kabureta, akabadili oili, plagi na betri. Jumatano asubuhi ikawaka. Ukuta wetu ulitetemeka, na boksi zima la balbu likaanguka kutoka kwenye rafu yangu. Nilitoka mbio kwenda kugomba, nikamkuta kaka amenyong'onyea. Injini ilikuwa imetulia kwenye mngurumo wake wa kusimama, nayo ilipiga pu-tu, ikanyamaza, pu-tu, ikanyamaza.

"Inakosa moto," alisema.

Kwa sikio lililolelewa na pikipiki ndogo, pengo katika mlio ni ugonjwa. Basi akaanza kuitibu. Plagi nyingine, nyaya nyingine, kabureta chini tena. Pu-tu, kimya. Chakula nilichompelekea kilirudi na kifuniko chake. Alhamisi jioni alishika ile skrubu inayoongoza mwendo wa injini ikiwa imesimama, akaipandisha mpaka yale mapengo yote yakajaa na mlio ukawa mmoja, laini, wa mfululizo. Akatoka anajifuta mikono, kichwa juu kama bwana harusi. Mimi nami, nikiri tu, nilimpigia makofi.

Ijumaa asubuhi mama muuguzi alifika, na nyuma yake shemeji mtu na pikapu na kamba. Kaka aliiwasha kwa madaha. Mama akasikiliza, mkoba ameukumbatia.

"Hii siyo," alisema.

"Ndiyo hiihii, mama."

"Hii ni mashine ya kusaga nafaka."

Kaka akajichekesha. "Mama, ilikuwa inaumwa. Injini ilikuwa inarukaruka. Mimi nimeiponya."

"Iliumwa miaka kumi na tisa?"

Mama akaeleza taratibu, kama anayesoma maelezo ya mgonjwa. Mumewe alikuwa akifika nyumbani haizimi mara moja, anaiacha ingurume kidogo. Yeye akiwa jikoni alikuwa anahesabu: mbili, inapumzika, mbili, inapumzika. Basi anajua ni yeye, anatenga chakula. "Hii yako haipumziki," alimwambia kaka. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa amekata tamaa tu, na hilo lilinichoma zaidi.

Shemeji akafungua kamba. "Pole, shemeji. Tuipakie tuondoke."

Mtu mwingine angeona aibu. Kaka yangu alipandisha hasira. "Nipeni nusu saa niijaribu barabarani," alisema, akanigeukia. "Dada, panda."

Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na gauni la dukani! Niliweka kiti mlangoni pa duka kuonyesha kwamba nimetoka, nikapanda.

Mwanzoni aliiendesha kwa mazoea. Anavuta mafuta kwa nguvu, anabadili gia kila baada ya hatua tatu, nayo inatuchupisha kama inataka kututema. Nilishika mkanda wake wa suruali kwa mikono yote miwili. Tulipofika kwenye mlima baada ya karakana za mbao, akaanza tena kushika klachi arudishe gia, maana pikipiki zake usiporudisha gia mlimani zinazimika.

"Kaka, iache!" nilipiga kelele. "Utaniangusha!"

Akaiacha kwenye gia kubwa. Tukangoja izimike. Haikuzimika. Iliinamia mlima ikavuta kutokea chini kabisa, pigo baada ya pigo, na uzito wake wa kilo mia tatu na ushee, pamoja na sisi wawili ambao si shomoro, bila haraka na bila malalamiko. Joto la injini lilinibabua shavu la mguu wa kulia. Kwenye kona haikutaka kulazimishwa, ilitaka kuombwa mapema. Kwenye tambarare ilinyooka ikatulia, hata mkanda wa kaka nikauachia. Nilifurahi. Nilifurahi kama ambavyo sikuwa nimefurahi kwa miaka mingi, na sioni sababu ya kuficha.

Kaka alisimama pembeni, injini ikiwaka, akaweka kiganja juu ya tangi. Bisibisi ameiacha gereji.

"Dada, hizi silinda mbili hazipigi kwa zamu sawa. Zinafuatana upesi, halafu zinangoja. Ndivyo ilivyoundwa. Mimi nilisikia zinangoja, nikadhani zinakufa."

"Basi irudishe ilivyokuwa."

"Niirudishe wapi?" Alikuwa mnyonge mpaka nikamhurumia. "Skrubu nimeizungusha jana jioni nzima. Sikuisikiliza ilivyokuwa. Nilikuwa nabishana nayo tu."

Tuliporudi, shemeji alikuwa anatazama saa. Kaka alipiga magoti, akaweka bisibisi kwenye skrubu, kisha akainua uso.

"Mama, njoo. Nilikosea. Mimi sijui ilivyokuwa, wewe unajua."

Nimekuwa dada yake tangu nizaliwe, na neno "sijui" sikuwahi kulisikia kinywani mwake kuhusu injini. Mama muuguzi alisogea, akainama, akafumba macho.

"Shusha," alisema. Kaka akashusha. "Bado. Shusha." Injini ikaanza kuyumba, mkono wa kaka ukasita. "Usiogope, fundi. Shusha." Ikakaribia kuzima kabisa. "Pandisha kidogo. Kidogo. Hapo. Toa mkono."

Pu-tu, kimya. Pu-tu, kimya. Midomo ya mama ilikuwa inahesabu. Machozi yalimtoka huku anacheka, na hakuyafuta. Mimi nililia pia, na hata sikumjua mumewe. Shemeji akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo yenyewe kabisa." Akaanza kuiviringisha kamba mkononi bila kuambiwa na mtu.

Kaka alinyoosha mkono aizime, mama akaushika. "Iache kwanza." Tukasimama wanne, tukaiacha ingurume, petroli inakwenda bure na hakuna aliyejali.

"Fundi," alisema mama baadaye, "na kuendesha unafundisha?"

Kaka aliitazama ile pikipiki, akamtazama mama, akajikuna kichwa. "Mama, mimi mwenyewe hii nimejifunza leo asubuhi."

"Mimi Jumatatu nina nafasi," alisema mama. "Tutajifunza wote."