Baba Daktari

Dominiko alikuwa mtu ambaye furaha haikai kifuani mwake hata saa moja. Siku binti yake wa pekee, Kerubo, alipopata barua ya kukubaliwa na chuo kikuu kimoja huko Marekani, mkewe Edith, ambaye ni muuguzi, alimsihi wasimwambie mtu mpaka waisome yote. Dominiko hakuisoma yote. Ijumaa hiyo, siku ambayo huku nchi ya Waarabu hata makanisa husali, alisimama katikati ya ibada akamshukuru Mungu kwa kumpa daktari wa meno. Akina mama wakapiga vigelegele. Kesho yake wafanyakazi anaowabeba kwa basi kutoka Najma hadi Lusail walikuwa wameshambatiza jina: Baba Daktari.

Edith ndiye aliyeisoma barua hadi mwisho. Kwetu Kenya, mtoto akifaulu vizuri Kidato cha Nne anaweza kuingia moja kwa moja kusomea meno. Huko, kumbe, mtu husoma kwanza shahada nyingine, miaka minne mizima, ndipo aombe nafasi katika shule ya meno. Shahada hiyo ya kwanza huchagua mwenyewe, mradi asome na kemia na baiolojia wanazozidai.

"Basi ni baiolojia," alisema Dominiko. "Kuna la kuuliza hapo?"

Lilikuwepo. Kerubo alitaka saikolojia.

Dominiko alimtazama binti yake kana kwamba amesema anaenda kufuga ngamia. "Nimwambie nini mchungaji? Kwamba mtoto aliondoka kusomea meno akaishia kwa vichaa?"

"Kemia na baiolojia nitasoma zote, Baba. Sijaacha meno."

"Zisome ziwe ndizo shahada!"

Fomu ya kuchagua shahada ilitakiwa kufika chuoni Jumapili, saa sita mchana. Kerubo angeweza kuituma mwenyewe. Simu ni yake na vidole ni vyake. Lakini alilelewa na Edith. "Bila neno lako situmi," alimwambia baba yake. "Na baiolojia pia siandiki." Tangu hapo nyumba yao ya Al Thumama ikawa na watu watatu wanaoombana chumvi kwa adabu.

Nalo kosa la kutangaza mapema lilikuwa limeshazaa. Kila Ijumaa baada ya ibada watu walimfuata Kerubo, msichana wa miaka kumi na minane, wakampanulia midomo. Joram, mlinzi wa Lusail, alikuja shavu limevimba kama amefichia andazi. "Dakta, ni kitu kidogo tu, kimeanza juzi," alisema. Edith alimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Ikajulikana kuwa alikuwa anameza dawa za maumivu tangu mwezi uliopita.

Jumamosi, siku moja kabla ya fomu kufungwa, walikula ugali wa wimbi na mboga ya sagaa. Dominiko alikuwa akihubiri tena habari za baiolojia. Kerubo akaweka tonge chini.

"Baba, fungua mdomo."

"Ati?"

"Tangu kabla ya Krismasi unatafunia upande wa kushoto. Chai unaipuliza mpaka inapoa kabisa. Fungua nione."

Dominiko aliufunga mdomo kama mlango wa dukani saa ya sala. Edith alimgeukia mumewe polepole. Kulala kitanda kimoja na muuguzi miezi minane ukiwa na jino bovu, bila yeye kujua, ni kipaji, na kwa kipaji hicho Edith alikuwa na maneno mengi tayari. Kerubo alimwahi.

"Kilichotoboa hilo jino nitakisoma kwenye baiolojia," alisema. "Lakini Baba, umenitangaza daktari mbele ya kanisa lote, halafu unaniogopa mimi, mtoto wako. Joram naye akadanganya. Nitajifunza kutibu meno ya watu wasiokuja? Kwa nini hawaji, hilo ndilo nataka kusoma kwanza."

Dominiko alinawa mikono taratibu. Kisha akasimulia jambo ambalo hata Edith hakuwahi kulisikia. Alikuwa darasa la nne. Wanaume wawili walimkalia miguu, wa tatu akaingiza koleo kumng'oa jino, bila ganzi, na alipolia wakamcheka na kumwita msichana. Tangu siku hiyo hakuwahi kumfungulia mtu mdomo, isipokuwa kwa kuimba.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," alimwambia Kerubo. "Asante, mama." Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hakuyaficha.

Jioni hiyohiyo wakaenda kliniki wote watatu. Daktari, mama mmoja wa Kisudani mwenye miwani, aliuliza jino limeanza kuuma lini. Dominiko alikuwa na "juzi" tayari ulimini. Akamwona Kerubo ameegemea ukuta, amekumbatia mkoba wa mama yake.

"Miezi minane," alisema. "Naogopa sana, daktari."

Daktari hakumgombeza. Alimwonyesha sindano, akamweleza kila hatua, akamwambia akiinua mkono kazi itasimama. Dominiko aliuinua mara tatu, na mara zote tatu ilisimama. Jino likatoka. Hakuna aliyecheka.

Daktari alipokuwa anavua glovu alimuuliza Kerubo, "Nasikia unataka kuja huku kwetu kwenye meno. Unaanza na shahada gani?"

Kerubo alimtazama baba yake, ambaye alikuwa amevimba shavu na kung'ata pamba. Dominiko akaitoa pamba kwa vidole, damu na vyote, maana neno hilo alitaka litoke bila kizuizi.

"Anaenda kusomea uoga wangu," alisema. "Akiuelewa, atakuja kwenye meno."

Kerubo alituma fomu wakiwa bado mlangoni, na ilibidi Edith amshikie simu kwa sababu alikuwa haoni kwa machozi.