Mkono wa Pili

Harufu ya spiriti katika zahanati hii inanirudisha kwenye kibaraza kimoja kule Nakwa. Nilikuwa nimekohoa msimu mzima wa mvua. Shangazi akanipeleka kwa bibi mmoja aliyejulikana kwa kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Watu waliamini kikirefuka, kinamtekenya mtoto anakohoa. Mimi niliambiwa tunakwenda kusalimia tu. Lakini njiani shangazi alininunulia andazi, na shangazi hakuwa mtu wa kununua andazi bure.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Fungua mdomo nikuangalie tu."

"Mbona mkono mwingine umeuficha kwenye kanga?"

Shangazi akacheka, huku amenikaba kichwa. Nikafungua. Damu ilikuwa na ladha ya msumari. Kikohozi hakikuondoka; kumbe kilikuwa kimejikalia chini kabisa, mapafuni, mbali na wembe wake.

Leo anayekohoa ni mwanangu. Daktari ni kijana mpole, ameshika tochi. Hata bibi yule alikuwa mpole.

"Fungua mdomo nikuangalie tu."

Mwanangu ananitazama. Mimi natazama mkono wa pili wa daktari.