Siku Nilipomsomesha Mama Asende Koleji ya Wavulana

Ukipita sokoni mjini kwetu Baraka ukasikia watu wananiita "Koleji", usidhani nimesoma koleji, mimi nimeishia darasa la sita, primaire, na jina langu ni Furaha. Hilo jingine nililitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya wazazi wa shule nzima, na mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto.

Tulikuwa tumerudi juzijuzi kutoka ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kule tulikokimbilia wakati wa vita, na shule tuliikuta haina bati hata moja (askari waliyabeba, na milango wakapikia). Direktere, mkuu wa shule, akaita wazazi wachague mkubwa wa komite yao. Kwetu kuchagua si mambo ya karatasi: wanaotaka kiti wanasimama uwanjani, kila mzazi anajipanga nyuma ya mtu wake, na wote wanaona. Mama yangu alikuwa Kazimia kununua ndagala, dagaa wa ziwani, basi akaniacha nisimame kwa ajili ya wadogo zangu.

Huku alisimama Papa Wilondja, mwenye biashara ya dhahabu kule Misisi, ambaye alikuwa ameahidi mabati akipewa kiti. Huku Mama Asende, jirani yetu, mjane mwenye shamba la muhogo, aliyeshika kile kiti tangu zamani. Kila mmoja alitakiwa asemewe na mtu, na Mama Asende akanichagua mimi, kwa sababu alijua ninaota kuwa mtangazaji wa redio (kila jioni nilikuwa nashika gunzi la mahindi na kuwasomea mbuzi wake habari).

"Furaha, sema tu mambo yenye unajua," akaniambia.

Na niliyajua, hapo ndipo panaponiuma. Nilijua mara ya kwanza walimpa kile kiti kwa kuwa wanaume wote walikikataa, hakuna aliyetaka kuzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza kwa nini mtoto fulani haji shuleni. Nilijua kwamba asubuhi ile vita ilipofika, watu wote wakikimbilia ziwani, yeye alipitia shuleni kwanza, akafunga madaftari ya pointi za wanafunzi ndani ya kitenge, na mtumbwi ulipojaa akaacha sufuria zake ufukweni, madaftari akayapakata. Kule kambini Kigoma wazazi wakamchagua tena, hakuna aliyesimama kushindana naye, na kwa madaftari hayo mimi na wenzangu tulipata vyeti vyetu. Mambo ya kweli, mazuri, yanatosha. Lakini nikatazama viatu vya Papa Wilondja vinavyong'aa, nikaona kila mtu anawaza mabati, nikaogopa Mama Asende atapoteza kiti chake, nikasema moyoni ngoja niongeze kidogo tu.

"Mama Asende," nikatangaza kwa sauti ya redio, "iko na diplome ya koleji kubwa ya mapadri, kule Bukavu."

Mwalimu Echa, aliyehamia kwetu kutoka Fizi-Centre na watoto wake wakasoma shule yetu, akanyoosha kidole.

"Mi nilisoma pale miaka sita. Ni ya bavulana tu. Sasa huyu mama alikuwa analala wapi, na sisi?"

Uwanja wote ukacheka. Mtu mwenye akili angenyamaza, lakini mimi nikasema samahani, nimekosea, alikuwa anafundisha pale. Akauliza anafundisha nini. Nikasema Kilatini (sijui kilitoka wapi).

"Basi atusalimie Kilatini, tumuitikie."

Bamama wakashika mbavu, Papa Wilondja akajipangusa machozi. Mama Asende alikuwa anatazama chini, mikono imeshika pindo la kitenge, nikajua nimemmaliza. Kisha akainua uso.

"Bazazi, huyu mutoto ananipenda, ndiyo maana amesema bongo, amedanganya. Mi nimesoma mpaka ya tatu. Baba akakufa, nikapewa jembe. Yale madaftari nilibeba, hata kuyasoma muzuri siwezi. Nilijua tu majina ya batoto benu iko mule."

Direktere akasema tujipange, na mstari wa Papa Wilondja ukaanza kurefuka, mimi nimebanana na ukuta kwa sababu niliona hata miguu yangu ingemletea mkosi. Ndipo Mwalimu Echa akavuka uwanja peke yake, akasimama nyuma ya Mama Asende.

"Mwalimu, na mabati je?" mtu akamwita.

"Mi niko na diplome ya ile koleji," akajibu, "na siku ya kukimbia nilibeba redio yangu."

Akaja mama mmoja, wakaja wawili, wakaja wengine waliotoka mstari wa Papa Wilondja wakijifanya wanakwepa jua, mpaka mkia ukafika kwenye vyoo na direktere hakuhangaika kuhesabu. Mama Asende akageuka, akaniona kule ukutani.

"We Koleji," akasema, "kuja ku mustari. Lakini mudomo funga."

Mabati hayakuja, na mvua za msimu ule ziliwanyeshea wadogo zangu darasani, na kila waliporudi wameloa niliinama. Redio bado naiota, ila nimeapa kwamba siku nikipewa kipaza sauti nitamsema mtu kama alivyo, sitamsomesha tena mahali asipokanyaga. Na wakiniita Koleji naitika, maana aliyenipa jina hilo ameishia ya tatu, na mimi sijasikia koleji iliyotoa mtu kama yeye.