Mvusha Watu wa Handaki la Uchochoroni Kwetu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikamatwa. Nilikuwa nimekichukua kibao cha "Njia Imefungwa" kilichowekwa na watu wa mradi wa mitaro, nikakihamishia uchochoro wa pili, ambao haukuwa na tatizo lolote, kisha nikakaa barazani kutazama watu wakifika, wakisoma, wakigeuka. Muuza samaki aligeuka na baiskeli yake mara mbili. Nilikuwa bado nacheka nilipohisi mkono begani.

Alikuwa Fomeni, yaani msimamizi wa mafundi, mzee wa Tumbatu mwenye sauti ndogo na mkono mzito.

"Wa nani wewe?"

"Wa Bi Asha, nyumba ya mlango wa buluu."

"Unawajua wanaokaa uchochoro huu?"

"Mpaka paka."

Akanitazama. "Basi kesho uje asubuhi. Badala ya kuwarudisha watu, utawavusha."

Mama alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Likizo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na nadhani angekubali hata kama kazi yenyewe ingekuwa Pemba.

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, nyinyi mnaingia pale kila siku mkitoka skuli na hamjui mnakanyaga nini. Mnaona mawe yamepangwa, mvua ikinyesha maji yanapotea, mnadhani ndivyo palivyoumbwa. Sivyo. Zamani zetu masika yakianza, maji yalikuwa yanaingia ukumbini bila kubisha hodi, na viatu vya watu tulikuwa tunavikuta kwa jirani. Mimi nimeshastaafu, niko kidato cha tatu, na naona niandike kazi ile ilivyofanywa kabla hajatokea mtu akaihadithia vibaya.

Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, walikuwa wanachimba kwa mashine. Ukipita upande wa Michenzani uliliona tingatinga limeinama barabarani na watoto wamelizunguka. Uchochoroni kwetu tingatinga lisingeingiza hata tairi. Kazi ilikuwa ya sururu ya kuvunjia, beleshi la kuzolea na karai la kubebea udongo kichwani mpaka barabarani. Kwanza linachimbwa handaki, shimo refu lenye kina cha kifua cha mtu, linalofuata uchochoro katikati. Halafu ndani yake hujengwa mtaro wenyewe kwa zege, kisha unafunikwa, kisha mawe ya kukanyagia yanarudishwa. Kubwa kuliko yote ni mteremko, ule mwinamo wa sakafu ya mtaro unaoyafanya maji yaende.

"Maji ni mvivu kuliko wewe," Fomeni aliniambia. "Ukikosea upana wa kidole tu, yanakaa chini yanakungojea uyabebe."

Handaki lilipoanza kuchimbwa, kila upande ilibaki njia nyembamba ya kupita ubavu-ubavu, mgongo ukutani. Mbele ya kila mlango palitandikwa mbao mbili za kuvukia, na hapo ndipo nilipokuwa nafanya kazi, na kofia ngumu iliyonishuka mpaka kwenye nyusi na kizibao cha kung'aa kilichonifika magotini. Kuvusha watu ni ufundi. Mzee humshiki mkono. Unampa wako akushike yeye, kwa sababu ukimshika wewe anahisi umemwona dhaifu, na akihisi hivyo atakutukana katikati ya ubao. Mwanamke mwenye kikapu unakichukua kikapu kwanza. Mtoto unambeba, na akilia unamwambia chini kuna mamba.

Juu ya Fomeni alikuwepo Injinia, dada mmoja mrefu aliyeongea kidogo mpaka ungedhani kila neno linamkata vocha. Sheria zake zilikuwa mbili. Mtu mmoja tu juu ya ubao kwa wakati mmoja. Na watu wasijazane ukingoni mwa handaki.

"Nyumba hizi ni mawe na chokaa," alitueleza. "Zinasimama kwa kuegemeana. Ukingo ukibomoka, ukuta unaufuata."

Nilimuuliza kama na sisi tuliomo ndani tutaufuata. Akasema ndiyo. Sikuuliza tena.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka mafundi walipofika karibu na mwisho wa uchochoro, ambao kama mjuavyo hauna njia ya kutokea. Hapo sururu ikagonga mtaro wa zamani wa mawe, umejengwa na watu ambao hakuna anayewajua. Kwa utaratibu wa Mji Mkongwe, kitu kama hicho kikionekana, kazi husimama mpaka mtaalamu wa mambo ya kale aje akitazame. Mtaalamu alikuja, akakitazama, akafurahi, akaondoka kwenda kuandika. Tukabaki tunangojea ruhusa, na handaki liko wazi kutoka barabarani mpaka kwenye mlango wa mwisho.

Mlango huo wa mwisho ulikuwa wa Bi Rukia. Alikuwa mgonjwa, anakaa ghorofani na binti yake, Bi Nasra, na kitanda chake kilisogezwa dirishani ili apate upepo na habari za mtaa. Siku moja jirani yake alitoa kabati nyumbani kwenda kulitengeneza. Mbao zetu zilikuwa za mtu mmoja mmoja, kwa hiyo wachukuzi walifuatana, mmoja mbele na mmoja nyuma, kabati wameligeuza ubavu, linayumba, milango yake inafunguka na kufunga. Mimi nilikuwa naongoza na kufanya mzaha. Bi Rukia aliliangalia kabati lile mpaka likatoka, kisha akaniita.

"Sudi."

"Naam, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Panda huku."

Nilipanda. Alikuwa amebaki macho na mifupa, lakini macho yenyewe yalikuwa makali.

"Mume wangu alitoka mlango huu juu ya mabega ya watu," alisema. "Mama yangu kadhalika. Sasa nambie wewe mwenye kofia. Miye nitatolewa vipi? Ubavu, kama kabati?"

"Bibi, utapona."

"Sikukuuliza kupona. Nimekuuliza njia."

Bi Nasra aligeukia ukutani. Mimi nilitafuta neno la kuchekesha, maana ndilo huwa linanijia kwanza, nikalikosa. Jeneza, wadogo zangu, hubebwa na watu kulia na kushoto, wanaokwenda sambamba, na kila hatua wengine wanaingia kupokea, kwa sababu kila mtu anataka thawabu ya kulibeba. Kwenye mbao zetu haikuwezekana. Waliochora ramani walifikiria mgonjwa wa kubebwa kitini, mama mwenye mtoto, mtu wa mkokoteni. Maiti hawakumfikiria.

"Utapita sawasawa, Bibi," nikasema. "Juu ya mabega."

"Wewe muongo, mtaa mzima unajua."

"Leo sitanii."

"Haya. Nimelishika neno lako."

Nilishuka nikamweleza Fomeni. Alikwenda moja kwa moja kwa Injinia, na nikamwona Injinia akifumba macho kidogo, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Jioni ile ile alipima mlango wa Bi Rukia, akapima upana wa jeneza msikitini, akaagiza daraja la chuma kwa fundi wa Mlandege, pana, lenye kuchukua watu wawili wawili.

Daraja lilikuja baada ya siku chache. Lilikuwa zuri, limepakwa rangi ya manjano, na lilifika mpaka kwenye kona ya kuingilia uchochoroni. Hapo likakataa. Lilikuwa refu kuliko kona. Walilisimamisha, likagusa roshani. Walililaza, likaziba milango miwili na kumfungia mtu ndani. Fundi wa Mlandege alisema yeye alipewa vipimo vya handaki, vya kona hakupewa. Injinia alisema kona hiyo iko hapo tangu enzi za masultani. Likarudishwa kwenda kukatwa vipande viwili.

Bi Rukia aliyaona yote dirishani. Nilipompelekea habari alinambia, "Mmeshindwa kuliingiza la chuma. Miye wa nyama mtanitoa?" Akatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umekamata shuka.

Alifariki alfajiri. Daraja lilikuwa bado Mlandege na usiku mvua ilikuwa imenyesha.

Nilipofika, Bi Nasra alikuwa mlangoni. Alinitazama, na nikajua kuwa mama yake alimwambia juu ya neno langu. Jeneza tupu lililetwa kutoka msikitini, likavuka kwa mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, jepesi. Watu walikwishakubaliana azikwe baada ya sala ya adhuhuri. Wajukuu walisimama kule barabarani na kanzu zao, wanatazama mbao zetu.

Fomeni alisema tufukie. Mafundi wakatazamana. Handaki lile kulifukia kwa karai kungechukua siku nzima na zaidi. Mjukuu mmoja akasema, basi tumtoe hivyo hivyo, Mungu anajua. Mwengine akamjibu, "Bibi mwenyewe alikataa, wewe nani umkubalie?"

"Kwani lazima tupite juu?" nikauliza.

Fomeni akaniambia si siku ya maskhara. Nikamwambia sifanyi maskhara. Nikaonyesha ndani ya handaki. Kina chake kilikuwa cha kifua. Mtu akisimama chini akainua mikono, jeneza litapita juu ya bega lake na juu ya ukingo, bila kugeuzwa ubavu.

Wote walimgeukia Injinia. Yeye alishuka kwanza, peke yake, akapita handaki zima akibonyeza kuta zake kwa kiganja, akigonga mbao za kuzuia udongo moja moja. Viatu vyake vilizama kwenye tope. Alipotoka alisema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Msitembee. Mkitembea mtazitikisa kuta. Mtasimama safu mbili, mnaangaliana, migongo kwenye mbao. Watu wasimame, jeneza ndilo litembee. Juu ukingoni nisione mtu. Na kofia ngumu hazivuliwi."

Wakashuka. Mafundi kwanza, kisha wajukuu na kanzu zao nyeupe, kisha majirani, kisha watu wa mitaa mingine waliosikia. Kofia zilikuwa haba, wakapewa waliokuwa karibu na sehemu laini za kuta. Mchimbaji mmoja, kijana wa bara ambaye si Muislamu, alibaki juu ameshika sururu yake.

"Na mimi naruhusiwa?" akamuuliza Fomeni.

"Handaki si umechimba wewe? Shuka."

Bi Rukia alitolewa mlangoni, akapokelewa. Sauti za "La ilaha illa Llah" zilikuwa za chini, zinapita pamoja naye, kila anapofika ndipo zinapoanza. Mimi nilikuwa katikati ya uchochoro, na hapo nikagundua tatizo ambalo kwenye hesabu zangu sikulitia. Mimi ni mfupi. Nilinyoosha mikono mpaka mbavu zikauma, na bado nisingefika. Fomeni, aliyesimama mbele yangu, alitazama kulia na kushoto, akachukua karai, akaligeuza, akalisukuma kwa mguu mpaka miguuni mwangu. Nikapanda. Mbao za jeneza zikanifika viganjani, baridi, na uzito wake haukuwa mkubwa kama nilivyoogopa. Kisha likaondoka mikononi mwangu kwenda kwa mwengine.

Injinia alikuwa amesimama kwenye kona, kitambaa amekivuta mpaka usoni, mkono ameunyoosha kuwazuia watu wa barabarani wasisogee. Jeneza lilipofika kwake, wachukuzi wa juu walilipokea mabegani, likakata kona bila kugusa ukuta, likaenda. Alibaki pale pale, mkono bado umenyooka, mpaka Fomeni alipomwambia kuwa yamekwisha.

Daraja la Mlandege lilirudi wiki iliyofuata likiwa vipande viwili, likafaa sana. Ruhusa ya mambo ya kale nayo ikaja. Zege likamwagwa, mifuniko ikalazwa, na nilijifunza mengine mengi kuhusu chemba, yaani yale mashimo yenye vifuniko yanayoachwa ili mtaro uweze kusafishwa, ambayo nawaomba msitupe ganda la muhogo ndani yake, maana najua mnatupa. Lakini skuli zilikuwa zinafunguliwa, na kustaafu hakuombi ruhusa.

Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka. Nikimwona mzee anasita kwenye ngazi, mkono wangu unatoka wenyewe. Walimu wetu husema mji unaendelea, na ni kweli, barabara zinapanuka na taa zinawaka hadi Ng'ambo. Mimi ninachoweza kukuambieni ni kuwa unaendelea huku watu wakiugua, wakihama na kufa, wala hawangojei zege likauke, na anayechimba mlangoni kwa mtu inampasa ajue hilo kabla hajainua sururu.

Siku yangu ya mwisho nilirudisha kofia na kizibao kwa Fomeni. Nilipokuwa naondoka Bi Nasra aliniita mlangoni. Siku ile jeneza lilipotolewa alikuwa chumba cha ndani na wanawake wenzake, hakuona chochote.

"Sudi, watu wananieleza, kila mtu na lake. Wewe ulikuwepo chini. Alipitaje?"

Nilijua anachokihofia. Mtaa mzima unajua nilivyo muongo.

"Alipita sawasawa," nikasema. "Hakuyumba. Kichwa hakikushuka, miguu haikushuka, na hakugusa ukuta popote."

Alikuwa amekamata mlango. Kisha akaniuliza tena, kama vile sikuwa nimejibu, alipitaje, nami nikamweleza upya tangu mlangoni mpaka kwenye kona, maneno yale yale, polepole.