Gauni la Kila Jumamosi

Jirani yangu wa duka hapa River Road amenichosha. Yeye hukodisha magauni ya harusi, mimi nauza viatu, na kati yetu ni ubao tu, kwa hivyo namsikia kutwa akiwafokea wasichana wanaomletea gauni la mtumba apunguze kiuno. "Kweli uolewe na nguo ya mtu?" Huwa amebana pini mdomoni, na hata afoke vipi hazidondoki. Jana msichana wa Waithaka alikuwa akijaribu lile gauni linalotoka kila Jumamosi, mara vikaratasi walivyorushiwa maharusi wa wiki iliyopita vikamwagika kutoka kwenye pindo. "Anti, si hii pia ni mtumba?" Akazitema pini zote. "Mtumba hujui ilivaliwa na nani," akamwambia. "Hii nawajua wote."