Kuta Zangu Zilizopinda

Uadui ulianza Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa nane na robo mchana, ndani ya chumba cha sanaa cha shule yetu.

Wiki moja kabla, mwalimu alituonyesha filamu bubu ya zamani. Nyumba zake zilisimama upande kama zimelewa. Madirisha yalichongoka, na vivuli havikutoka kwenye taa, vilipakwa ukutani kwa brashi. Mke wa kwenye filamu hakutoa sauti, lakini mume wake alipomfungia mlango nilisikia kila kitu. Nikawaza, hii ni ya watu kama mimi, tusioweza kuongea mbele za watu.

Tukapewa kazi ya kuigiza onyesho moja la filamu hiyo na kulirekodi, watu wannewanne. Kuta zote za kundi letu nilizichora peke yangu, kwa maboksi na rangi nyeusi. Jumanne hiyo niliomba kitu kimoja tu: niwe mke.

"Wewe?" Msichana aliyejifanya kiongozi wetu akanikagua kama viazi vya dukani. "Wale wa kwenye filamu wote ni weupe pee. Poda itakushika kweli? Wewe kuwa kivuli. Hata rangi hatutahitaji."

Wakacheka. Mvulana wa kamera alisema, "Acha bwana," lakini naye alicheka, kwa hiyo simhesabu. Mimi nikanyamaza. Nachukia ninavyonyamaza.

Jioni, nyumbani kwetu mtaa wa Hjulsta, nikaingia bafuni na poda ya mdogo wangu, nione kama itashika. Ilishika. Nilikuwa nazungushia macho wanja mama aliposukuma mlango.

"Eh! Weye mutoto! Umeanza mkorogo?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, lugha ya huku tunakoishi, kwamba ni mambo ya shule.

"Nijibu na luga yangu! Hukuona vile krimu ziliunguza uso wa shangazi yako? Bazungu wenyewe banalala ku jua bapate rangi, na weye unajipaka unga kama andazi!"

"Ni filamu, mama. Wote humo wana uso mweupe. Wenzangu wamesema mimi niwe kivuli."

Akanipokonya kopo la poda. Nilidhani atanihurumia.

"Na weye ulibajibu nini?"

"Sikujibu."

"Basi nawa. Mutu hana mudomo, anajipaka poda ya nini?"

Akaenda zake, mlango akauacha wazi. Nilijisugua mpaka mashavu yakawaka. Nilimchukia yeye, nikawachukia wao, na sijui nani zaidi.

Asubuhi, chumba cha sanaa, niliwakuta wenzangu wote watatu wanapanga taa. Usoni sikuwa na kitu. Nikasema, "Mke ni mimi, na uso huuhuu. La sivyo kuta zangu naondoka nazo."

"Acha utoto," yule msichana akasema, akanipa kisogo, akamwambia wa kamera awashe.

Nikapanda juu ya kiti, nikaanza kubandua. Ukuta wa kwanza ulichanika katikati. Nikashika wa pili.